Mzee Bado na Vigingi Sitini

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Vuteni viti. Kama una sufuria jikoni, punguza moto kwanza ndipo uje usikilize, maana mtu tunayemkumbuka leo asingefurahi kusikia umeunguza chakula kwa ajili yake.

Leo tunamkumbuka mpishi. Mpishi wa kambi. Alifariki Jumanne iliyopita, asubuhi, nyumbani kwake, akazikwa Alhamisi. Alikuwa na umri wa miaka sabini na minane. Mkewe anasema alikuwa ameketi kwenye benchi la jikoni, anachambua maharage. Mazima kwenye ungo, mabovu kwenye kopo. Mama aliingia kumwuliza kama atakunywa chai sasa au baadaye, akamkuta ameegemea ukuta. Maharage yaliyobaki kuchambuliwa hayakujaza kiganja.

Waliomjua walimwita Mzee Bado. Ukimwuliza, "Mzee, chakula tayari?" alijibu, "Bado." Ukirudi baada ya nusu saa, "Bado." Ukimwambia njaa inauma, anakwambia mvumilivu hula mbivu, halafu anakugeuzia mgongo. Jina likamganda kama ukoko kwenye sufuria.

Sasa, kabla sijaendelea, kuna jambo. Mwanawe, ambaye ni seremala, alinipigia simu Jumatano kuomba tumkumbuke baba yake katika kipindi hiki. Tuliongea vizuri. Akanipa miaka ya kazi, akanitajia wajukuu mmoja mmoja. Mwishoni akashusha sauti. Akasema, "Dada, naomba kitu kimoja. Ile hadithi ya vigingi msiiseme. Imetutesa vya kutosha."

Nikamwambia sawa. Nikakata simu. Nikabaki kwenye kiti hiki hiki ninachokalia sasa. Kwa sababu hadithi ya vigingi, wasikilizaji wapendwa, ni hadithi yangu mimi. Na leo nitaisema. Nimekwenda kwa familia, nimeomba ruhusa, nimepewa. Naomba mnivumilie.

Tuanze mwanzo. Mzee Bado alijifunza kupika kwa mama yake mdogo, aliyekuwa akiwapikia wavunaji shambani. Watu thelathini, sufuria moja, mafiga matatu. Alianza kwa kuosha vyombo. Akapanda cheo, akawa mmenya viazi. "Nilimenya viazi miaka minne kabla sijaruhusiwa kushika mwiko," aliwahi kuniambia. "Siku hizi mtu anamenya kimoja anajiita mpishi."

Alipofika miaka thelathini na mmoja akaajiriwa kwenye kikosi cha wapima ardhi, kikosi cha kupima barabara. Kwa wasiojua, kabla barabara haijachongwa lazima watu watangulie msituni kwa miguu, wapime, wachomeke vigingi, ili tingatinga likija lijue pa kupita. Watu hao wanaishi kwenye mahema miezi na miezi. Mzee Bado aliwapikia kwa miaka kumi na tisa. Hakuwa na jiko la gesi wala la umeme. Kuni na mafiga, miaka kumi na tisa.

Mimi nilimkuta huko. Kabla sijawa sauti ya redio nilikuwa mwandishi wa vipimo. Mpima anachungulia kwenye darubini, anataja namba, mimi naandika daftarini. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na nilikuwa mwanamke pekee katika kikosi cha watu kumi na mmoja. Mkuu wa kikosi alinipokea kwa maneno haya: "Nimekukubali kwa majaribio. Kosa moja tu, unarudi mjini." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa sheria, na sheria yake ya kwanza ilikuwa kwamba hakuna kutembea msituni peke yako. Ukitembea peke yako, kazi huna.

Niwaambie kuhusu mchuzi wenyewe, maana bila mchuzi hamtamjua mtu huyu.

Maharage yaliingia majini usiku uliotangulia. Saa tano asubuhi anabandika. Nyama hakuitia yote kwa pamoja. Aliikaanga kidogo kidogo, kila kipande kipate rangi yake, maana nyama ikijazana, alisema, inatoa maji na kujichemsha yenyewe. Kisha vitunguu, vingi mpaka unadhani amekosea. Kisha karoti, maharage, maji ya moto, mfuniko. Anavuta kuni mbili nje, anabakiza makaa. Saa nzima hagusi kitu. Na viazi alitia mara mbili. Viazi vya kwanza mapema, viyeyuke, mchuzi uwe mzito. Viazi vya pili mwishoni, vibaki vizima, upate kitu cha kutafuna. "Vya kwanza vinajitoa," alikuwa akisema, "vya pili vinasifiwa." Nilidhani ni maneno ya jikoni tu.

Lakini jina la Bado halikutoka kwenye mchuzi. Lilitoka kwenye mabakuli. Kando ya moto aliweka ubao, na juu ya ubao mabakuli kumi na moja ya bati, yote kifudifudi. Kila mtu na bakuli lake. Langu lilikuwa na ukingo wa buluu uliobanduka rangi. Ukirudi kutoka kazini ulikwenda mwenyewe kwenye ubao, ukaligeuza bakuli lako likatazama juu. Kumgeuzia mwenzako ilikuwa marufuku. Hata kama unamwona anakuja, yuko hatua ishirini, aje ageuze mwenyewe. Na mfuniko wa sufuria haukuondoka mpaka mabakuli yote yatazame juu. Mara nyingi mchuzi ulikuwa umeiva zamani, aliyebaki ni mtu.

Watu walinung'unika, msidhani tulikuwa malaika. Kulikuwa na mfyekaji mkuu, pande la mtu, yeye ndiye aliyetangulia na panga kutufungulia njia. Huyo njaa yake ilikuwa na sauti. Jioni moja akasema, "Mzee, mwenye njaa hana miiko." Mzee Bado akainua mwiko wake juu. "Mimi ninao," akasema. "Keti."

Sasa siku yenyewe. Ni miaka ishirini na minane iliyopita.

Mkuu wa kikosi na dereva walikuwa wamekwenda mjini, warudi kesho yake. Mabakuli yao mawili Mzee aliyatia sandukuni. Yakabaki tisa ubaoni. Mvua ilinyesha tangu asubuhi. Saa tisa alasiri tukaacha kazi, tukaanza kurudi kambini. Katikati ya njia nikajipapasa. Daftari sina. Nimeliacha juu ya jiwe tulipopumzikia. Vipimo vya wiki mbili vimo humo, na mvua inanyesha. Nikamwambia mfyekaji mkuu, "Tangulieni, nakuja nyuma yenu." Nikarudi peke yangu.

Daftari nililipata. Nikalitia kifuani, ndani ya koti. Kisha ukungu ukashuka, ule ambao ukinyoosha mkono huoni vidole. Lakini sikuogopa. Mpima hapotei, ana vigingi. Kila kigingi kina namba, na kambi yetu ilikuwa karibu na kigingi namba moja. Fuata namba zinazoshuka, utafika nyumbani. Nikaona kigingi. Thelathini na nane. Kinachofuata, thelathini na saba. Thelathini na sita. Nikawa natembea kwa maringo, naimba.

Kosa lile ni mtu wa kazi yetu tu anayeweza kulifanya. Vile havikuwa vigingi vyetu. Miaka kadhaa nyuma kikosi kingine kilipima mstari wake katika msitu huo huo, kikauacha. Wao walianzia upande wa pili. Namba zao zilishuka kuelekea kusikokuwa na mtu. Mwingine yeyote angejua amepotea, angekaa chini, angepiga kelele. Mimi nilikuwa nahesabu. Kila hatua nilikuwa na uhakika, na kila hatua nilikuwa nakwenda mbali. Kwenye kigingi namba kumi na moja mguu uliteleza, nikaporomoka korongoni, kifundo kikateguka. Ilikuwa yapata saa kumi na mbili jioni. Niliita mpaka sauti ikakauka, na ukungu ukaimeza yote.

Ya kambini nilisimuliwa. Wenzangu walifika wamelowa chapachapa. Kila mtu akageuza bakuli lake. Mabakuli manane yakatazama juu. La ukingo wa buluu likabaki kifudifudi. Walidhani nimeshafika kwa njia nyingine, nimo hemani nabadili nguo. Wakaketi. Harufu ya mchuzi imetanda kambi nzima. Mmoja akasema, "Mzee, tupakulie, huyo atakuja." Mzee akasema, "Bado." Wakasubiri. "Mzee, tunakufa na njaa." Mzee akasema, "Bado."

Mfyekaji mkuu akanyanyuka kwa hasira. Akaja hemani kwangu kuniita, ili nigeuze bakuli, ili yeye ale. Akakuta hema tupu.

Mwenyewe ameniambia zaidi ya mara moja: "Dada, sikuja hemani kwako kwa wema. Njaa ndiyo iliyonileta. Ningekuwa nimeshiba ningelala mpaka asubuhi."

Basi wakawasha tochi, wakashikana kamba, wakaingia ukunguni. Mzee Bado akabaki na moto. Moto wa mchuzi ni makaa, hauonekani hata hatua hamsini. Alihitaji moto mrefu, mkubwa, wa kuonekana. Na kuni zote zilikuwa zimelowa. Kitu kikavu kambini kilikuwa kimoja tu. Kwenye hema la vifaa kulikuwa na vigingi sitini. Vipya. Mbao ngumu, zimekauka, zimepigwa randa mjini, vichwa vimepakwa rangi nyekundu, kila kimoja na namba yake. Ilikuwa kazi yetu ya wiki tatu zijazo.

Akavibeba vyote. Akavichoma.

Mimi kule korongoni niliona ukungu umegeuka mwekundu upande mmoja. Ulikuwa ni upande ambao namba zangu zilisema si nyumbani. Ndipo nilipojua kwamba nilikuwa napotea tangu kigingi cha kwanza. Nikaanza kutambaa kuufuata ule wekundu, na njiani nikakutana na kamba ya wenzangu. Mfyekaji mkuu akanibeba mgongoni. Alinisema njia nzima, na mimi nililia njia nzima, kwa hiyo tulikuwa na mazungumzo.

Nilifikishwa penye moto. Mzee Bado hakunikumbatia. Hakuniuliza kitu. Alinitazama mguu, akanitazama uso. Akasema, "Geuza bakuli lako."

Nikaligeuza. Akafunua sufuria.

Wasikilizaji wapendwa, katika kazi hii nimealikwa hoteli nyingi na harusi nyingi zaidi. Sijawahi kula kama jioni ile. Viazi vya kwanza vilikuwa vimeyeyuka kabisa, ungeweza kusimamisha kijiko. Nyama ilikuwa inaachana yenyewe. Tulikaa watu tisa kuuzunguka moto, nguo zinatoa mvuke. Ulisikia vijiko vinagonga bati, na vigingi vinapasuka motoni. Nilijua pale pale kwamba nimepewa kitu. Nilichokuwa sijui ni nani atakayekilipia.

Fundi mitambo wangu nyuma ya kioo ananionyesha saa. Ndugu yangu, leo tangazo la sabuni litasubiri.

Kesho yake mchana mkuu akarudi. Akaingia hema la vifaa. Akatoka. Akauliza, "Vigingi vyangu viko wapi?"

Sote tulikuwa pale. Mguu wangu nilikuwa nimeubana ndani ya buti ili usionekane umevimba. Nilijua ninachopaswa kusema. Nilitembea peke yangu, nikapotea, vigingi vikachomwa ili nirudi. Maneno hayazidi kumi. Nikafungua mdomo, na Mzee Bado akanitangulia. Alikuwa anafuta mikono kwenye aproni.

"Ni mimi, mkuu. Kuni zililowa. Nikaona vijiti vimekaa tu pale. Nilidhani ni kuni."

"Vina namba, mzee."

"Sijui kusoma vizuri, mkuu."

"Vina rangi nyekundu."

"Niliiona. Inawaka vizuri."

Huyo ndiye mtu aliyekuwa akitusomea gazeti kila jioni. Vitunguu vilikuja vimefungwa kwenye gazeti la mwezi uliopita, naye alilinyoosha kwa kiganja, akatusomea lote mpaka matangazo ya vifo. Mkuu hakulijua hilo, maana yeye akishapakuliwa alikwenda kula hemani kwake. Sisi tulilijua. Tukatazama chini, wote wanane.

Mkuu akamwambia afungashe. Kazi ya miaka kumi na tisa ilifungashwa kwa dakika kumi. Mwiko, kisu, blanketi, na mabakuli kumi na moja, maana yalikuwa mali yake. Mchuzi wa siku hiyo ulikuwa motoni. Kabla hajapanda gari alimgeukia mfyekaji mkuu akamwambia, "Viazi vya pili bado." Mimi aliniambia kwa sauti ya chini, "Kazi umeipata kwa shida, binti. Kaa nayo."

Nikakaa nayo. Nilinyamaza, wasikilizaji. Nilimwacha akaondoka.

Hadithi ikaenea. Mpishi aliyepika mchuzi kwa vigingi vya barabara. Ilisimuliwa kwenye kila ofisi ya ujenzi, na kila msimulizi akaongeza chumvi. Vigingi sitini vikawa mia, vikawa mia tatu. Mzee alipata kazi kwenye jiko la shule, hadithi ikamfuata huko. Baadaye alifungua mgahawa mbele ya nyumba yake, meza nne tu, na wateja wakawa wanaagiza, "Mzee, sahani moja ya vigingi." Alicheka nao. Mchuzi wake haukuwahi kukosa mtu.

Mwanawe hakucheka. Alikuwa na miaka kumi baba aliporudi na mwiko. Shuleni wakampachika jina, Mtoto wa Kigingi. Ameniambia hivi, na amenikubalia niyaseme: "Nikajifunza useremala. Kila nikipiga mbao randa nasikia watu wananicheka. Nilimpenda baba. Lakini nilikuwa namwona mjinga. Mungu anisamehe, nilikuwa namwona mjinga."

Na mimi je? Miaka miwili baadaye niliacha upimaji, nikaja hapa redioni. Mwaka mmoja nikaalikwa kwenye sherehe ya ufunguzi wa daraja. Mhandisi mmoja akasimama, akaisimulia hadithi ile kwa madoido yote, na akaiga sauti ya mzee: "Nilidhani ni kuni." Ukumbi mzima ukashika mbavu. Wasikilizaji wapendwa, na mimi nilicheka. Nilicheka ili nisiulizwe kwa nini sicheki. Wanasema shukrani ya punda ni mateke. Siku ile hata punda angenionea aibu.

Nilikuwa nakwenda kumsalimia, mara mbili tatu kwa mwaka, na sukari na majani ya chai. Alifurahi kila mara. Kila safari nilikwenda nimedhamiria kumwambia mwanawe ukweli, na kila safari nilirudi na kopo la mchuzi. Wahenga wanasema mficha uchi hazai. Mimi niliuficha miaka ishirini na minane, na kila mwaka ukazidi kuwa mgumu kuufunua. Juu ya rafu ya jikoni kwake yalikuwepo yale mabakuli kumi na moja. Kumi yametazama juu, moja kifudifudi. Nililiona. Nikajifanya sijaliona. Yeye naye hakusema kitu, ila mimi alinipakulia kwenye sahani.

Juzi Ijumaa nilikwenda tena. Nyumba imejaa watu. Nikamwomba mama na mwanawe twende chumbani. Nikawaambia yote nikiwa nimesimama, kama nilivyowaambia nyinyi. Seremala aliketi ukingoni mwa kitanda cha baba yake. Halafu akaniuliza swali moja. "Kwa hiyo alijua ni vigingi?"

Nikamwambia, "Alikijua kila kimoja na namba yake."

Akafunika uso kwa mikono. Sikujua analia au anacheka, nadhani alikuwa anafanya yote mawili. "Alijua," akawa anarudia. "Mzee alijua."

Mama hakushtuka hata kidogo. Mama alikuwa anajua tangu siku ile mumewe aliposhuka na yale mabakuli. "Nilikasirika sana," ameniambia. "Nina watoto watatu ndani, yeye ananiletea mwiko. Nikamwambia, rudi ukaseme ukweli. Akaniambia, ukweli ule ni wa yule binti, atausema mwenyewe akiweza. Basi kila mwaka namwuliza, yule binti ameshasema? Ananijibu, bado."

Nikamwuliza mama kama mzee alikuwa na kinyongo na mimi. Akaniangalia kama mtu aliyeuliza kama maji yanalowesha. "Angekuwa na kinyongo angelitupa bakuli," akasema.

Akanishika mkono, akanipeleka jikoni. Mabakuli yako pale pale. Wajukuu wakiligeuza lile la buluu, babu alikuwa analirudisha kifudifudi, na ukimwuliza kwa nini, anasema mwenyewe hajafika. Nikanyoosha mkono nilichukue. Mama akanizuia. "Hapana, mwanangu," akasema. "Kwanza nenda ukaseme, watu wote wasikie. Ukimaliza, njoo uligeuze."

Basi nimesema. Nirudie, maana kwenye redio jambo la maana husemwa mara mbili. Mzee Bado hakuchoma vigingi kwa ujinga. Alijua kusoma. Alijua ni vigingi. Alivichoma ili mtu mmoja arudi kutoka msituni, na mtu huyo ni mimi. Kisha akajiita mjinga mbele za watu ili mtu huyo asifukuzwe kazi, na mtu huyo ni mimi. Kila tonge nililokula tangu siku ile lilipitia mikononi mwake. Nawe uliyewahi kuisimulia hadithi ile kwa kicheko, sikulaumu, nimeicheka pia. Ila ukiisimulia tena, isimulie hivi.

Kwa mama, kwa seremala na dada zake wawili, kwa wajukuu wote, kwa wafyekaji na wapimaji waliobaki, kwa waliosoma shule ile wakashiba kwa mkono wake, poleni sana. Na asanteni. Mlinyimwa heshima yake kwa miaka mingi kwa sababu yangu, na bado mlinifungulia mlango na kunipa kiti. Mungu amlaze mahali pema.

Na wewe unayenisikiliza, uliye dukani, uliye jikoni, uliye kitandani unaumwa. Hebu fikiri kidogo. Huenda yupo mtu aliyekuwa kiazi cha kwanza katika mchuzi wako. Kama yu hai, mtafute leo, umwambie ana kwa ana. Usifanye kama mimi niliyengoja mpaka nimshukuru kwa kipaza sauti.

Leo uani kwa Mzee Bado kuna moto. Mwanawe ameibandika sufuria ya baba yake juu ya mafiga tangu saa tano. Mfyekaji mkuu yupo, sasa ni mzee wa mvi na fimbo, na nimeambiwa anasimamia viazi vya pili kwa ukali. Mabakuli yamepangwa juu ya ubao. Redio wameiweka dirishani. Mchuzi umeiva muda mrefu, watu wana njaa, wajukuu wananung'unika, na kila wakimwuliza bibi yao anawajibu lile neno la babu.

Mzee wangu, asante. Mama, nazima kipaza sauti, natoka sasa hivi. Msifunue mpaka nifike.